Maporomoko ya Karibu na Kisumu: Uliza Kwanza Mvua ya Jana

Kisumu imekaa mahali pabaya kwa mtu anayependa maporomoko. Jiji lenyewe liko ufukweni, na mashariki yake imetandaa Kano, ardhi iliyo bapa kiasi kwamba mto Nyando ukijaa hauna pa kuanguka. Unasambaa tu mashambani na kubisha hodi majumbani. Mito mikubwa inayoingia ziwani upande wa Kenya, yaani Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu na Kuja, huwa imekwisha kuanguka huko juu kabla ya kufika kwetu. Anayetaka kuiona ikianguka inambidi aifuate: kusini-mashariki kuelekea Sondu, kaskazini hadi Webuye, au, akiwa na siku mbili mkononi, kusini hadi Migori.

Wengi wakitajiwa maporomoko hufikiria Nyahururu, ambako maji ya Ewaso Narok huanguka mita 74 na mgeni hutazama kutoka ukingoni penye uzio, au huota Mosi-oa-Tunya iliyo mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Ni kuzuri huko. Lakini maporomoko ya Odino kule Sondu na ya Nabuyole kule Webuye unaweza kwenda asubuhi na kulala kwako usiku huohuo, kwa nauli ya matatu na pesa kidogo ya bodaboda. Tofauti ni kwamba usitegemee kukuta uzio, kibao cha onyo wala askari wa kukupigia filimbi. Kazi ya uangalizi ni yako, nayo huanza jana yake, ukiwa bado Kisumu.

Jana kulinyesha wapi?

Mvua ya Kisumu haikuambii lolote kuhusu mto unaokwenda kuuona. Sondu-Miriu unatoka msitu wa Mau, na vijito vyake vikubwa, Kipsonoi na Yurith, vinapita nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Nzoia unatoka milima ya Cherangani na kupokea maji ya Mlima Elgon. Huko ndiko mambo yanakoamuliwa. Jua linaweza kuwa linakuchoma utosini pale Kondele, mitaro imekauka, na wakati huohuo mto unateremka mlimani ukiwa umebeba magogo.

Hali ya hewa ya kwetu ina mtindo wake, na ukiujua umepata nusu ya maarifa. Asubuhi huwa shwari. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, na upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kwenda bara. Upepo huo umebeba unyevu. Unapogonga miinuko ya Nandi na Kericho hulazimika kupanda, hupoa, na alasiri mawingu hupasuka. Ndiyo maana Kericho inajulikana kwa mvua ya mawe inayochana majani ya chai. Maji ya mvua ile hayafiki bondeni saa ileile. Hushuka kijito kwa kijito, usiku kucha pengine, yakafika kwenye maporomoko wakati wewe unakunywa chai asubuhi na kuamini kwamba siku ni nzuri.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "leo kutanyesha?" bali "jana kulinyesha huko juu?" Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa usomwe, ila usome wa Kericho na Bomet ukienda Sondu, na wa Trans Nzoia ukienda Webuye, maana wa Kisumu hautakusaidia. Halafu umuulize binadamu. Kituo kikuu cha magari cha Kisumu hupokea matatu za Kericho tangu alfajiri. Mwendee dereva aliyeshusha abiria sasa hivi, msalimie, umuulize.

"Jana kwenu kulikuwaje, mkubwa?"

"Kulinyesha mawe mpaka usiku. Hata sasa ni matope tu."

Ukijibiwa hivyo, Sondu haifai siku hiyo kwa mtu anayetaka kusogea karibu na maji. Nenda utazame kwa mbali, au subiri siku moja. Mto uliofurika kwa mvua ya alasiri moja mara nyingi hushuka upesi kama juu hakukunyesha tena.

Kuhusu majira: masika, ambayo Wajaluo huiita chwiri, ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Lakini nyanda za juu zina kalenda yake. Kericho hunyeshewa karibu mwaka mzima, na Nzoia huweza kujaa tena Agosti wakati Kisumu kumekauka. Januari na Februari ndiyo miezi ya maji machache. Mimi ningechagua Juni: mto una maji ya kutosha kupiga kelele, barabara za vumbi zimeanza kupitika, na matope ya masika yamepungua.

Odino, mto ulioingia handakini

Kutoka Kisumu panda matatu ya Kisii inayopitia Ahero, Katito na Sondu. Barabara hukata Kano, mashamba ya mpunga yakiwa kushoto na kulia, kisha huanza kupanda. Upande mmoja utaona uwanda wa juu wa Nyabondo umesimama kama meza. Sondu-Miriu umejichimbia njia pembeni mwa miinuko hiyo, ukashuka korongoni kuelekea Nyakach ya chini na hatimaye Ghuba ya Winam. Ndani ya mteremko huo ndipo yalipo maporomoko ya Odino.

Kabla ya kwenda, lazima ujue kisa cha umeme, maana ndicho kinachoamua utaona nini. Mwaka 1999 ulianza ujenzi wa kituo cha Sondu-Miriu kwa mkopo wa Japani. Hakikujengwa bwawa kubwa. Mto ulikingwa kwa ukuta juu ya maporomoko, maji yakaingizwa kwenye handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita 6 ndani ya mlima, kisha yakateremshwa kwenye mabomba, karibu mita 200, hadi kwenye mitambo. Kituo kinazalisha megawati 60. Maji yakitoka hapo hupita kwenye mfereji hadi kituo cha pili, Sang'oro, chenye megawati 21, kilichoanza kazi mwaka 2012, ndipo yarudi mtoni.

Maana yake kwa mgeni ni hii: Odino iko kwenye kipande cha mto kilichorukwa na handaki. Wakati mradi ukipangwa, wakazi na watetezi wa mazingira walilalamika hasa kuhusu jambo hilo, kwamba maporomoko ambayo wenyeji wanayaheshimu yangebaki mwamba mkavu. Kiasi fulani cha maji huachwa yapite ili mto usife, lakini kiangazi usitarajie ngurumo. Mwezi wa Februari unaweza kutembea jua kali ukakuta utiririko mwembamba juu ya mawe makubwa, ukarudi unanung'unika. Maji mengi utayaona wakati mto una zaidi ya kile handaki linachoweza kumeza, yaani siku za mvua. Ukienda Odino wakati wa ukame, nenda kwa ajili ya korongo na miamba iliyochongwa na maji kwa karne nyingi. Inapendeza kwa namna yake.

Hapo pia pana hatari ambayo haihusiani na mvua hata kidogo. Mitambo ya umeme huweza kusimama ghafla, kwa hitilafu au kwa matengenezo. Ikisimama, maji yaliyokuwa yakiingia handakini hayana pa kwenda ila kupita juu ya ukuta na kurudi kwenye njia yake ya zamani. Mto uliokuwa kijito unaweza kupanda na mbingu ni samawati. Usipige kambi wala kutandika mkeka wa pikiniki kwenye mawe makavu yaliyo katikati ya mto chini ya ukuta, hata kama wachungaji wamelalia mwamba wa jirani. Wao wanajua pa kukimbilia.

Ukifika Sondu usikurupuke kupanda pikipiki ya kwanza. Muulize mwenye bodaboda kama amewahi kufika Odino yenyewe, si kituo cha umeme, kwa sababu ukitaja Sondu-Miriu anaweza kukupeleka moja kwa moja kwenye lango la mitambo. Huko ni mahali penye ulinzi na hupigi picha bila ruhusa. Patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi, yote kwa pamoja, kabla hujainua mguu. Bei ya "twende tu, tutaelewana" huwa mbili ukiwa porini.

Nabuyole, kwa mwenye familia

Kama una watoto au wazee, au hutaki safari ya kukisia kama maji yapo, nenda Webuye. Nzoia ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani kutoka Kenya, na haukauki. Ni mto uleule ambao ukifika Budalang'i huwatoa watu majumbani. Unapoona habari za mafuriko ya Budalang'i kwenye televisheni, fahamu kwamba maji yale yalipita Nabuyole kwanza.

Matatu hupitia Chavakali, Kakamega na Malava, kisha huingia barabara kuu ya Eldoret–Malaba na kufika Webuye. Mji huu kwenye ramani za zamani na kwenye reli uliitwa Broderick Falls, kwa jina la Mzungu mmoja, kabla ya kurudishiwa jina la wenyeji. Wengi wa rika langu wanaukumbuka kwa harufu kuliko kwa maporomoko: kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilianza kazi mwaka 1974, na pua ilikwambia umefika kabla ya macho. Kilifungwa mwaka 2009, na baadaye kikauzwa kwa mwekezaji mwingine. Juu ya mji ni milima ya Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijihami ndani ya boma lao dhidi ya majeshi ya Waingereza na kuuawa kwa wingi. Ukiwa na saa mbili za ziada, panda huko kwanza wakati bado kuna baridi, uutazame mto kwa juu, ndipo uteremke.

Nabuyole si ukuta mmoja wa maji unaoning'inia kama pazia. Mto hupasuliwa na mawe makubwa, ukashuka kwa mikondo kadhaa, mwingine mpana, mwingine mwembamba na mkali. Huo ndio uzuri wake na ndio mtego wake. Mgeni huona jiwe kubwa, kavu, hatua chache tu kutoka ukingoni, akaruka ili apigwe picha maji yakiwa pande zote mbili. Mkondo kati ya jiwe na ukingo unaonekana mdogo. Unapojaribu kurudi, ukiwa umelowa manyunyu na viatu vinateleza, si mdogo tena.

Kuhusu picha, nikupe siri moja ambayo haigharimu kitu. Upinde wa mvua huonekana ukilipa jua kisogo na manyunyu yakiwa mbele yako, na jua liwe chini, nyuzi 42 au pungufu kutoka upeo wa macho. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini na upinde hauonekani ila ukiwa juu unatazama chini kwenye manyunyu. Kwa hiyo ni kabla ya saa tatu asubuhi hivi, au baada ya saa kumi alasiri. Alasiri ina mawingu yale niliyoyataja. Chagua asubuhi, hata kama itakubidi utoke Kisumu gizani au ulale Kakamega.

Na kama unalala Kakamega, msitu una maporomoko yake madogo ya Isiukhu, upande wa Buyangu unaosimamiwa na Shirika la Wanyamapori. Kiingilio hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, hawapokei noti, basi simu iwe na chaji na bando.

Ukifika kwenye maji

Usikimbilie ukingoni. Simama mbali kidogo, usikilize, utazame kwa dakika kumi. Tafuta jiwe moja lililo kwenye mstari wa maji, nusu kavu nusu limelowa, ulifanye alama yako. Kila baada ya robo saa lirudie kwa macho. Likianza kuzama, ondokeni, na msibishane. Dalili nyingine ni rangi kubadilika kutoka kahawia nyepesi kuwa nzito kama uji wa wimbi, majani mabichi na vijiti kuanza kupita kwa wingi, na mngurumo kushuka sauti na kuwa mzito. Ukiona mbili kati ya hizo kwa pamoja, usingoje ya tatu. Mpeni mto nafasi kwa kupanda juu. Kukimbia kuufuata kuelekea chini ni kazi bure, maana utawapiku.

Mwamba wenye rangi ya kijani au weusi unaong'aa haukanyagwi. Ule ni utelezi wa mimea midogo inayoishi kwenye manyunyu, na hauna huruma hata kwa kiatu kizuri. Akala, ambazo ni viatu hodari kwenye vumbi, hapa hazishiki. Raba zenye meno ndizo nzuri. Gambuti zikijaa maji huwa mzigo wa kukuzamisha, ziache nyumbani. Watoto washikwe kifundo cha mkono, kwa sababu kiganja kilicholowa huchoropoka. Mtu mzima mmoja kwa watoto wawili, na huyo mtu mzima asiwe ndiye mpiga picha.

Sasa jambo ambalo hata waogeleaji hodari wa Dunga na Usoma hawalijui: kuogelea ziwani hakukuandai kwa dimbwi lililo chini ya maporomoko. Mtu huelea kwa sababu maji ni mazito. Povu jeupe chini ya maporomoko limejaa hewa, kwa hiyo ni jepesi, na mwili uliozoea kuelea huzama ndani yake. Tena maji yanayoanguka hufika chini, hujikunja na kurudi juu kuelekea yanakoangukia, kwa hiyo aliyeingia huvutwa nyuma badala ya kusukumwa mbele. Hiyo ndiyo sababu vijana wenye misuli wanapotea mahali ambapo ukubwa wa dimbwi hauogopeshi hata kidogo. Wakazi huwa na maelezo yao, ya nyoka au ya roho ya mto, na mimi sioni haja ya kuwasahihisha; agizo linalotoka kwenye maelezo hayo ni lilelile, kwamba pale haogelei mtu.

Mtu akitumbukia, usijitose nyuma yake. Mpigie kelele atazame wapi unaelekeza. Mrushie kitu kinachoelea: mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko vizuri humbeba mtu mzima, na ukiufunga kamba au leso mbili zilizounganishwa unaweza kumvuta. Tawi refu pia hufaa, ukiwa umelala kifudifudi na mwenzako amekushika miguu. Namba za dharura ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Lakini korongoni mtandao wa simu huweza kukosekana, kwa hiyo ukiwa njiani angalia ni wapi simu ilishika mara ya mwisho.

Simu yenyewe na pesa ziingie kwenye mfuko usiopitisha maji wenye kifuniko cha kukunja. Ule ujanja wa karatasi za plastiki za dukani umepitwa na wakati; mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na kuiacha mtoni ni aibu juu ya kosa.

Kichocho, mbu na usubi

Watu huogopa mamba. Mamba na kiboko wako zaidi mitoni kule chini, karibu na ziwa, ingawa kuuliza wenyeji hakugharimu kitu. Kinachowapata wageni wengi ni kidogo kuliko mamba na hakionekani. Kichocho huenezwa na konokono wanaopenda maji yaliyotulia. Kwenye mkondo wenye kasi hawakai, bali vidimbwi vya pembeni, vyenye majani na maji ya vuguvugu, ambavyo ndivyo mtu huvichagua kunawia miguu kwa kuogopa mkondo, ndivyo nyumba yao. Kijidudu huingia kupitia ngozi nzima, hakihitaji kidonda, na hakikawii. Ukilowa, jifute kwa taulo mara moja badala ya kukaushwa na jua.

Mbu hawahitaji maelezo kwa msomaji wa huku. Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi kuliko kanda nyingine zote nchini. Kama unalala, lala ndani ya chandarua.

Kuna mdudu wa tatu ambaye leo hatumkumbuki, na inafaa kumkumbuka. Usubi, inzi mdogo mweusi mwenye kibyongo, huzaliana kwenye mito ya kasi, na kuumwa naye kulileta upofu wa mtoni. Bonde la Kodera, karibu na Oyugis, halikukalika kwa sababu yake. Katika miaka ya 1940 wataalamu walitia dawa ya DDT mitoni, na Kodera ikawa mojawapo ya mahali pa kwanza duniani ambapo inzi huyo alifutwa kabisa. Katika mwongo uliofuata kazi hiyo ilienezwa kwenye mito mingine ya Nyanza. Wakati matatu inapita Oyugis, waulize wazee wa kiti cha nyuma. Baadhi yao wanajua familia zilizohama na kurudi.

Wenye mto

Mahali pa namna hii pana wenyewe hata pasipokuwa na lango. Ukikuta watu wameketi, salimia kwanza, ueleze umetoka wapi, ndipo uulize njia. Nyakach mzee mwite "jaduong'". Webuye mama mtu mzima mwite "mayi". Neno moja hilo hufungua mengi kuliko noti. Kijana akijitolea kukuongoza, mkubali na mpatane malipo papo hapo. Anajua jiwe lipi lilimwangusha mtu mwaka jana, na hiyo ndiyo bidhaa unayonunua. Ukiona kikundi cha vijana kinadai kiingilio, uliza wanaandika risiti au wamesajiliwa wapi, kwa upole. Kama hujaridhika, mzee wa kijiji hayuko mbali.

Unaweza kuwakuta waumini waliovaa kanzu wakisali au kubatiza. Wapishe, usielekeze kamera. Upande wa Webuye, Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili ni msimu wa tohara ya Wabukusu. Mtahiriwa hupelekwa mtoni alfajiri na kupakwa matope kabla ya kurudi nyumbani kukabiliana na kisu. Ukisikia njuga za chinyimba na wimbo unaokuja upande wako, toka njiani, simama pembeni na utie simu mfukoni. Hata walio wakarimu siku nyingine hawatanii asubuhi hiyo.

Chini ya maporomoko utakuta pia mitego ya samaki iliyosukwa. Zamani samaki aina ya ningu walipanda mitoni kwa makundi makubwa mvua zikianza, wakakusanyika mahali wasipoweza kuruka zaidi. Nyavu za midomoni mwa mito ziliwapunguza sana. Waliobaki bado wanatafutwa hapohapo, na mtego ukiukanyaga umeukanyaga mlo wa mtu.

Maporomoko ya Gogo, kwenye mto Kuja huko Migori, nimeyaacha mwisho kwa sababu si ya kila mtu. Palijengwa bwawa na kituo kidogo cha umeme katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa Macalder, kwa hiyo anayefuata mngurumo wa asili atahisi amepunjwa. Anayependa historia atafurahi: katika miaka ya 1980 wanaakiolojia walichimbua hapo vigae na mifupa ya wavuvi, wawindaji na wafugaji walioishi kando ya maporomoko hayo maelfu ya miaka iliyopita. Ukiokota kigae, kitazame na ukirudishe ulipokitoa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inavilinda, na kikihamishwa kutoka udongoni mwake hakimwambii mtaalamu chochote tena. Lala Migori mjini; kwenda na kurudi Kisumu siku moja ni kujitesa.

Anayetamani Gogo kwa sababu ya umeme, basi avuke hadi Jinja. Maporomoko ya Ripon, ambako maji yetu yote haya yalitokea ziwani kuingia mto Naili, yalizamishwa bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, na Bujagali nayo ikafunikwa kwa bwawa lililozinduliwa mwaka 2012. Hutaona maporomoko, ila utaona maji yanavyotoka.

Popote utakapochagua, panga kuondoka kwenye maji saa nane mchana. Mawingu ya Nandi huwa yameanza kujikusanya, barabara ya udongo ikilowa bodaboda huongeza bei au hukataa kabisa, na matatu za jioni hujaa abiria wa sokoni. Na kama ulilowa kwenye vidimbwi vya pembeni, weka kumbukumbu kwenye simu: baada ya miezi miwili hivi, nenda zahanati upimwe kinyesi na mkojo kutafuta mayai ya kichocho, hata kama hujisikii kuumwa. Ukipima wiki ileile hayataonekana, kwa sababu minyoo huhitaji muda kukomaa. Wakiyakuta, utapewa vidonge vya prazikwanteli kwa kipimo cha uzito wako, umeze baada ya chakula.